Meno ya kahawia, jino lililomeguka na harusi baada ya wiki kumi: bondingi ianze wapi?

Swali

Shikamoo daktari. Mimi ni binti wa miaka 27, nimezaliwa na kukulia Usa River mkoani Arusha, sasa naishi Dar es Salaam. Meno yangu ya mbele yana madoa ya kahawia tangu utotoni, na jino moja la juu lilimeguka pembe nikiwa kidato cha pili, nilipofungua soda kwa meno. Pia nina mwanya. Ninaolewa baada ya wiki kumi. Kliniki moja imeniambia nifanyiwe bondingi, yaani kubandikiwa nyenzo ya rangi ya jino, meno kumi kwa siku moja na mwanya uzibwe hapohapo. Nyingine imesema bondingi si ya kudumu, bora niweke vinia za kauri, yale maganda membamba yanayobandikwa mbele ya meno. Je, bondingi itaharibu meno yangu? Inauma? Inakaa miaka mingapi? Na watoto wangu nao watakuwa na meno kama haya?

Jibu

Marahaba mwanangu, na hongera. Kwa jinsi ulivyojieleza, jino linalodai bondingi ni moja, lile lililomeguka. Yale mengine yanadai kitu kingine kwanza, na huenda baada ya hapo yasidai chochote. Wiki kumi zinatosha, mradi usizipoteze tatu za mwanzo ukilinganisha picha za mitandaoni. Mwanya nauweka kando kidogo, maana hapo nina maneno yangu.

Tuanze na rangi, kwa sababu ndiyo itakayoamua mengine yote. Mtu wa Usa River akiniambia meno yake yana kahawia tangu utotoni, nafikiria maji kabla sijafikiria mswaki. Miamba ya volkano inayouzunguka Mlima Meru ina floraidi nyingi, na maji yanayopita humo huibeba. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Kwa miaka mingi kiwango chetu Tanzania kilikuwa 4, na bado ziko chemchemi na mito ya Meru ambayo kiwango hicho imekiacha mbali. Floraidi kidogo hulinda jino lisioze. Ikizidi wakati jino linajengwa ndani ya taya, yaani tangu utotoni hadi karibu miaka minane, enameli, yaani ganda gumu la nje la jino, inatoka na matundu madogo mno yasiyoonekana kwa macho. Jino huota likiwa na michirizi au mabaka meupe kama chaki. Kahawia huja baadaye, pale matundu hayo yanaponyonya rangi ya chakula na vinywaji mwaka baada ya mwaka. Nakueleza haya kwa kirefu kwa sababu nimewasikia watu wazima wa Arusha, Kilimanjaro na hata Nakuru wakiomba radhi kwenye kiti changu kana kwamba walikuwa wavivu wa kupiga mswaki. Wewe huna kosa lolote.

Ugonjwa huu, uitwao florosisi ya meno, una ngazi. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa Denmark, Thylstrup na Fejerskov, walichapisha kipimo cha kuanzia 0 hadi 9 baada ya kuchunguza meno ya watoto wa hapahapa Tanzania. Ngazi za chini ni michirizi myeupe. Za juu ni enameli inayobanduka na kuacha mashimo. Daktari wako akikuchunguza kwa taa, akipitisha mwanga jinoni kutoka nyuma, ataona doa limezama kiasi gani, na hapo ndipo uamuzi unapotoka. Mimi sijakuona, kwa hiyo nitakuongoza kwa hali ya kati, meno yenye madoa lakini uso wake bado laini. Ukipitisha ukucha ukahisi vishimo, soma majibu yangu ukijua kwamba kwako huenda mambo yakawa mazito zaidi.

Sasa, kwa nini sitaki bondingi ya meno kumi juu ya kahawia? Kompoziti, ile nyenzo yenyewe, ni resini ya plastiki iliyochanganywa na unga laini wa kioo. Inapitisha mwanga kama jino linavyopitisha, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Lakini kinachopitisha mwanga hakifichi kilicho chini yake. Ili kahawia isionekane, daktari analazimika kutanguliza tabaka zito lisilopitisha mwanga, kisha juu yake aweke lile la kupendezesha. Jino linanenepa. Meno kumi yakinenepa pamoja, mdomo wa juu unasukumwa mbele, na kwenye picha unaonekana kama mtu aliyeshikilia kitu mdomoni. Njia nyingine ni kuchonga jino kwanza ili kupata nafasi, na hapo ile sifa kubwa ya bondingi, kwamba haichongi, imekwisha potea.

Ndiyo maana nasema punguza rangi kwanza, ndipo uongeze nyenzo. Mlango wa kwanza ni kusafisha meno hospitalini, kuondoa ugaga na kutuliza fizi. Fizi inayotoka damu haifanyiwi bondingi, kwa sababu tone moja la damu au mate linatosha kuharibu mshiko. Mlango wa pili ni kusugua madoa kwa dawa yenye tindikali na chembechembe ngumu, kazi inayofanywa na daktari peke yake, fizi zikiwa zimekingwa. Inaondoa sehemu ndogo mno ya milimita, na madoa ya kahawia yaliyo juujuu mara nyingi hutoka nayo. Mlango wa tatu ni kung'arisha kwa jeli ya peroksaidi. Ninayoipenda ni ya kulalia nayo nyumbani, kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10 ndani ya kibao laini cha kuvisha meno, kilichotengenezwa kwa vipimo vya meno yako mwenyewe, kwa wiki mbili hadi nne. Siku za mwanzo mabaka meupe yataonekana zaidi kuliko ulivyoanza, na wengi hunipigia simu wakiwa na hofu. Vumilia. Jino zima likifika weupe ule, mabaka yanajificha. Meno yanaweza kushtuka kwa maji baridi. Ukishtuka sana, ruka usiku mmoja. Na ukijua una ujauzito, acha jeli mpaka baadaye.

Limau na magadi ya kuokea, mkaa wa kusaga, majivu: tafadhali. Limau linayeyusha enameli, mkaa unaikwaruza, na enameli haioti tena.

Baada ya kung'arisha, subiri wiki mbili. Usikubali mtu akuambie kesho yake inawezekana. Oksijeni inayobaki ndani ya jino baada ya peroksaidi inazuia resini kuganda vizuri, na bondingi itakayowekwa juu yake itabanduka mapema. Tena rangi ya jino huwa bado inashuka kidogo kabla ya kutulia. Hapa ndipo wengi wanapokosea mpangilio: wanaweka kompoziti kwanza, halafu mwaka unaofuata wanataka kung'arisha. Peroksaidi haing'arishi kompoziti. Meno yatapanda weupe, na ile pembe iliyojazwa itabaki na rangi ya zamani kama kiraka.

Sasa jino lako la soda. Kabla hatujazungumzia kulipendezesha, je, kuna aliyelipima kama bado li hai? Jino lililopata pigo linaweza kufa polepole, bila maumivu, na dalili pekee ikawa rangi ya kijivu inayojitokeza miaka kadhaa baadaye. Watu wenye meno ya kahawia hawaitambui kwa sababu rangi moja inafunika nyingine. Omba kipimo cha baridi na picha ya eksirei ya mzizi. Ikiwa limekufa, litahitaji kutibiwa mzizi, na kung'arishwa kwa ndani, kabla ya chochote. Kuweka bondingi nzuri juu ya jino lenye usaha kwenye ncha ya mzizi ni kupaka rangi ukuta unaovuja. Nimeyaona, na ni kazi chungu kumweleza mtu kwamba alicholipia mwezi uliopita lazima kitobolewe.

Likiwa hai, kazi yenyewe ni nyepesi, na kwa kawaida hakuna hata sindano, kwa sababu tunashika enameli ambayo haina mishipa ya fahamu. Rangi ichaguliwe mwanzo kabisa, jino likiwa na unyevu. Jino likikaa wazi dakika chache linakauka na kuwa jeupe kuliko lilivyo, na anayechagua rangi wakati huo atakuwekea pembe nyeupe kupita jino lenyewe. Kisha jino linasafishwa, linafungwa mpira mwembamba ili mate yasifike, na linapakwa tindikali ya fosforasi ya karibu asilimia 37 kwa sekunde 15 hadi 30. Enameli yenye floraidi nyingi inaigomea tindikali, kwa hiyo meno ya kwetu huhitaji muda zaidi ya huo. Daktari aliyezoea wagonjwa wa Arusha analijua hili. Muulize, na uangalie uso wake anapojibu. Ikioshwa na kukaushwa, enameli hubaki na weupe wa ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Gundi inaingia kwenye vitundu hivyo vidogo na kung'ang'ania.

Akili hii ya tindikali, kwa njia, ilitoka kwa wapaka rangi. Mwaka 1955 Michael Buonocore wa Rochester, Marekani, alijua kwamba viwandani chuma hupakwa tindikali ya fosforasi ili rangi ishike, akaijaribu kwenye jino. Miaka michache baadaye mkemia Rafael Bowen akatengeneza resini ambayo ukoo wake ndio tunaoutumia hadi leo. Kabla ya hapo, pembe ikimeguka ulichongwa jino zima uvalishwe kofia.

Kompoziti huwekwa tabaka kwa tabaka, kila moja isizidi milimita 2 hivi, na kugandishwa kwa taa ya bluu. Tabaka nene mno hugandishwa juu tu, chini kunabaki laini. Halafu inachongwa umbo, meno yanapimwa yanavyokutana kwa karatasi ya rangi, na inang'arishwa. Kung'arisha huku kwa mwisho ndiko wavivu wanakokuruka, nako ndiko kunakoamua kama chai itashika baada ya miezi sita au la. Kwa jino moja lililomeguka tarajia muda wa nusu saa hadi saa moja. Meno kumi yaliyofanywa vizuri hayaishi kwa saa mbili. Anayekuahidi hivyo, jiulize ni hatua gani ataziruka.

Umeuliza kama itaharibu meno yako. Ikifanywa kwa kuongeza tu bila kuchonga, tindikali inaondoa enameli kidogo mno kiasi kwamba si ya kukunyima usingizi. Madhara yanatoka kwingine. Ukingo ukiachwa umevimba karibu na fizi, uchafu unakaa, fizi inakuwa nyekundu na kutoa damu kila ukipiga mswaki. Pitisha uzi wa meno kabla hujaondoka kitini. Ukikwama au ukichanika, kazi haijaisha, rudi ukae. Madhara mengine huja siku ya kuitoa, kwa sababu kompoziti inafanana sana na jino na mkono usio makini unaweza kukwangua enameli pamoja nayo.

Kukaa kwake: miaka mitano hadi saba ni matarajio ya haki, wengine hufika kumi, wengine huvunja mwaka wa kwanza kwa mfupa wa kuku. Pembe iliyojazwa haipendi muwa, mahindi ya kuchoma ya kung'ata moja kwa moja, kucha, wala kizibo cha soda (wewe hilo umelijua kwa vitendo). Pilau ya manjano, chai ya rangi, kahawa, tumbaku na mirungi vitaigeuza rangi taratibu. Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini nayo ina tabia hiyo ikitumika muda mrefu. Kama unasaga meno usingizini, na mumeo mtarajiwa atakuwa wa kwanza kukuambia, utahitaji kibao cha kulalia. Uzuri ni kwamba ikimeguka inaongezwa palepale, na ikififia inang'arishwa upya kwa ziara moja. Kwa hiyo ukiulizia bei, usiulize ya kuweka peke yake. Uliza na ya kurekebisha, maana hiyo utailipa zaidi ya mara moja maishani.

Yule aliyesema bondingi si ya kudumu hakukosea, ila kauri nayo haidumu milele. Vinia ya kauri hukaa muda mrefu zaidi, mara nyingi miaka 10 hadi 15 na kuendelea, na haishiki rangi kirahisi. Gharama yake iko kwenye jino: mara nyingi enameli inachongwa, wastani wa nusu milimita, na ikishachongwa hakuna kurudi nyuma. Una miaka 27. Ukiishi hadi miaka 80, Mungu akujalie, utabadilisha vinia hizo mara kadhaa, na kila mara kuna kinachopungua. Kwa enameli yenye mashimo na inayobanduka ningezifikiria mapema, kwa sababu hapo unaokoa jino pia. Kwa madoa ya juu ya uso laini, hapana, si kabla ya kujaribu yale mepesi. Bondingi inakuachia nafasi ya kubadilisha mawazo.

Nikuonye na kitu kimoja kinachouzwa saluni kwa jina hilohilo la vinia au bondingi. Ni vipande vya plastiki vinavyobandikwa kwa gundi ya kucha au gundi kali ya dukani, bila kusafisha, bila kupima fizi. Chini yake meno yanaoza gizani. Kazi hizi ni za daktari wa meno aliyesajiliwa, na Tanzania usajili huo unasimamiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kuomba kuona cheti si utovu wa adabu.

Tufike kwenye mwanya. Mwanya unazibika kwa kompoziti, kwa kuyaongezea upana meno mawili ya katikati. Ukiwa mdogo, milimita moja au mbili, kazi hupendeza. Ukiwa mpana zaidi, meno yanaishia kuwa mapana kama majembe, na hapo ni heri waya za kupanga meno zitangulie. Tena nitaomba uangalie picha zako za sekondari. Kama mwanya ulikuwepo vilevile, ni wa kwako. Kama unapanuka kila mwaka, hiyo inaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa fizi unaolegeza meno, na kuuziba ni kuficha mgonjwa.

Hayo ni ya kitaalamu. La kwangu binafsi ni kwamba mwanya kwetu ni uzuri, na watu wa pwani hawakuanza kuusifu jana. Nimewahi kuombwa na dada mmoja niufungue mwanya nilioufunga miezi minne tu kabla, kwa sababu bibi yake alimtazama akasema, "Mbona umekuwa kama mtu mwingine?" Niliondoa kompoziti, nikang'arisha, akacheka kwenye kioo kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Usiliamue hili kwenye kiti cha daktari siku hiyohiyo ya kazi. Mwambie akuwekee kompoziti bila tindikali wala gundi, kwa majaribio, upige picha ukicheka na kuongea, kisha aibandue. Ukae nayo picha wiki nzima. Na aliyekuchumbia alikuona na mwanya.

Ratiba yako, basi. Wiki ya kwanza nenda ukapimwe, jino la soda lipigwe picha, meno yasafishwe. Wiki ya pili, kusugua madoa na kuchukuliwa vipimo vya kibao. Wiki ya tatu hadi ya tano, jeli usiku. Ya sita na ya saba, kusubiri bila kufanya lolote, ingawa shangazi zako watakuuliza mbona huendi. Ya nane, pembe ijazwe, na kama kuna doa sugu moja mawili, yawekewe tabaka jembamba. Ya tisa, kurudi kung'arishwa na kupima uzi wa meno tena. Wiki ya kumi iachie hina na wageni.

Kuhusu watoto: hali hii hairithiwi. Watoto wako watakunywa maji gani hadi wafike miaka minane, hilo ndilo swali. Wakikulia Dar es Salaam hali ni tofauti na nyumbani kwenu, lakini kama ni maji ya kisima, yapimwe. Ukirudi Meru, jua kwamba kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua, floraidi inabaki. Kinachosaidia ni maji ya mvua yaliyovunwa vizuri, au chujio la mkaa wa mifupa, ambalo kituo cha utafiti cha Ngurdoto, jirani zenu kabisa, kimekuwa kikilifanyia kazi kwa miaka mingi. Angalia pia magadi ya kulainishia maharage na makande. Baadhi yake yana floraidi nyingi kuliko maji yenyewe, na mtoto huanza kuyala mara tu anapoachishwa ziwa.